Kibali Kabla ya Tahakiki: Msomaji wa Kawaida katika Historia ya Uhakiki wa Vitabu na Filamu Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna vitabu na filamu vilivyopimwa katika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1920. Hoja yake kuu ni kwamba hukumu nyingi juu ya kazi hizo ziliandikwa kwa ajili ya mtoa kibali au mtahini. Chache zilimlenga msomaji anayetaka kujua kama kazi inastahili fedha na muda wake. Makala yanapendekeza kuwa sera za Kiswahili zimtambue msomaji huyo.

1.0 Utangulizi

Tahakiki inayoandikwa kwa ajili ya umma ina kazi tatu: kueleza kitabu au filamu inahusu nini bila kuumaliza utamu wake, kuipima kwa vigezo vilivyo wazi, na kumwachia msomaji uamuzi. Kazi ya tatu ndiyo inayoitenga tahakiki na kibali. Kibali hutolewa kabla kazi haijaufikia umma, na aghalabu sababu zake hubaki ofisini. Tahakiki hutoka baada ya kazi kutoka, na yenyewe inaweza kupingwa hadharani. Katika Afrika Mashariki, kibali kilijengewa taasisi mapema. Tahakiki ilibaki mgeni wa kupita.

2.0 Kamati na ithibati

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyozihusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa majukumu yake yalikuwa kuisoma miswada, hasa ya vitabu vya shule, na kuipa ithibati ile ambayo lugha yake ilionekana sanifu.

Manufaa ya kazi hiyo hayawezi kupuuzwa. Tahajia moja ilikiwezesha kitabu kilichochapishwa upande mmoja wa eneo hili kusomeka upande wa pili. Hata hivyo, swali la kwanza la msomaji wa Kamati lilihusu usahihi wa sarufi na tahajia. Kama hadithi inasisimua, au kama wahusika wake wanaaminika, halikuwa swali lililoamua hatima ya mswada. Aidha, maoni hayo yaliandikiwa maofisa wa elimu na wachapishaji. Kamati ilipohamia Makerere mwaka 1952, jarida lake liliendelea kuwa jukwaa la wataalamu. Mnunuzi wa kitabu alikiona kitabu kilichopita. Hoja zilizokipitisha hakuziona.

3.0 Filamu na ripoti za watazamaji

Upande wa filamu hali ilikuwa hiyo hiyo, kwa sura nyingine. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema za elimu ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham ulitengeneza filamu 35 ukiwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu hizo zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waendeshaji waliandika namna watazamaji walivyopokea kila onyesho, na matokeo yakachapishwa London mwaka 1937.

Maandishi hayo ni hazina kwa mwanahistoria, lakini yana upungufu unaofundisha. Ndani yake mtazamaji Mwafrika anachunguzwa. Yeye mwenyewe hahakiki. Kicheko na ukimya wake vilifasiriwa na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, kwa ajili ya wafadhili na watawala walio mbali.

4.0 Baraza la washairi

Yapo mapokeo yaliyokwenda kinyume na mkondo huo. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni. Hata hivyo, kurasa zake za ushairi zilifungua baraza ambalo wasomaji wenyewe walihukumiana. Mshairi alipotoa shairi, mwingine aliweza kulijibu kwa shairi: akisahihisha vina, akihoji mizani, akipinga maana. Sababu za hukumu zilichapishwa pamoja na hukumu yenyewe, na aliyehukumiwa alikuwa na haki ya kujibu.

Vigezo hivyo vilikuwa vya kimapokeo na havikutosha kuipima riwaya au filamu. Lakini malumbano hayo yanathibitisha kwamba jamii ya Waswahili haikukosa desturi ya kuhakiki mbele ya hadhira. Kilichokosekana ni taasisi ya kuihamisha desturi hiyo kutoka kwenye shairi hadi kwenye tanzu mpya.

5.0 Kampala na darasani

Katika kipindi cha uhuru njia mbili zilijitokeza. Kampala, jarida la *Transition*, lililoasisiwa na Rajat Neogi mwaka 1961, liliweka pamoja uhakiki wa fasihi, insha za siasa na barua za wasomaji waliowapinga waandishi bila haya. Makala ya Obi Wali ya mwaka 1963 kuhusu lugha ya fasihi ya Kiafrika ilizua mjadala ambao haujazimika. Lakini jarida hilo lilitoka kwa Kiingereza, na uhai wake ulitegemea uvumilivu wa dola. Mwaka 1968, baada ya kuchapisha barua ya Abu Mayanja iliyokosoa mapendekezo ya katiba ya serikali ya Milton Obote, Neogi na Mayanja walikamatwa. Baadaye jarida likahamia Ghana.

Uhakiki wa Kiswahili, kwa upande wake, ulipata makao chuoni. Mwaka 1971 ulitoka mkusanyo wa *Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili* uliohaririwa na Farouk Topan, na mwaka huo huo jarida la *Mulika* likaanzishwa Dar es Salaam. Mjadala wa ushairi huru uliofuatia *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi (1974) ulionyesha kuwa moto wa malumbano ya zamani haujazimika. Hata hivyo, kadiri fasihi ilivyokuwa somo la mtihani, ndivyo uhakiki ulivyogeuka kuwa orodha ya dhamira, wahusika na matumizi ya lugha.

Mfano wa *Rosa Mistika* (1971), riwaya ya Kezilahabi, unatosha. Ilizuiwa shuleni kwa muda; baadaye ikaruhusiwa na kusomwa kama kitabu cha kiada. Mara zote mbili msomaji aliambiwa kama asome au asisome. Swali la iwapo riwaya hiyo inamtendea haki msichana inayemsimulia lilihitaji uwanja mwingine.

Mwangwi wa hali hiyo ulisikika Kenya mwaka 2018. *Rafiki*, filamu ya Wanuri Kahiu iliyokuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nchini mwake. Mwezi Septemba mahakama ilisitisha katazo hilo kwa siku saba tu. Mjadala kuhusu ruhusa ulikuwa na miezi. Mtazamaji wa nyumbani aliyetaka kuipima filamu kwa macho yake alipewa wiki moja.

6.0 Hitimisho

Historia hii haidai kwamba ithibati ifutwe. Vitabu vya watoto vinahitaji kukaguliwa. Inachodai ni kwamba kibali hakiwezi kufanya kazi ya tahakiki. Mambo matatu yanafuata kwa watunga sera. Kwanza, vyombo vya ithibati vichapishe sababu za maamuzi yao kwa lugha inayoeleweka, ili ziweze kujibiwa. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yagharimie tahakiki fupi za Kiswahili magazetini na redioni, bila kuwachagulia wahakiki hukumu. Tatu, shule zimfundishe mwanafunzi kuandika tahakiki kwa ajili ya jirani yake, mbali na majibu anayomwandikia mtahini. Washairi wa *Mambo Leo* walifanya hivyo chini ya mhariri wa kikoloni. Warithi wao hawana udhuru.