Karani wa Chombo na Hati ya Shehena

Neno karani, ambalo siku hizi humkumbusha msikiaji mtu aketiye ofisini na kalamu yake, lilikuwa neno la baharini tangu zamani. Ibn Battuta, aliyepita pwani ya Afrika Mashariki yapata mwaka 1331, ameeleza desturi ya Dhofar: chombo kikiwasili kutoka Bara Hindi, watumwa wa sultani hukiendea na mavazi kamili ya kuwatunukia mwenye chombo, rubani na karani, ambaye ni mwandishi wa chombo. Katika karne ya 16 Abu'l-Fazl, katika kitabu chake Ain-i-Akbari, ampa karani kazi mbili, kuandika hesabu za chombo na kuwagawia abiria maji. Si ajabu kazi hizo kumwangukia mtu mmoja, maana zote mbili zataka mtu asiyependelea.

Upande wa Bahari ya Kati mambo hayakuwa mbali na hayo. Sheria za bahari zilizokusanywa Barcelona katika karne ya 14 zilimtaka mwandishi wa chombo ale kiapo, kisha aandike katika daftari lake kila kilichopakiwa. Akiandika lisilokuwapo, adhabu yake ni kukatwa mkono wa kulia, kupigwa chapa ya moto katika paji la uso, na kunyang'anywa mali yote.

Daftari hilo lilikuwa na upungufu mmoja: lilisafiri pamoja na mali. Mwenye bidhaa alipokuwa akipanda chomboni nazo, halikumdhuru. Lakini alipoanza kubaki mjini na kuendesha biashara kwa barua, alihitaji nakala ya maandishi yale, yenye sahihi, aipeleke kwa mpokeaji wa bandari ya pili. Hiyo ndiyo asili ya hati ya shehena. Ikawa desturi kuitoa kwa nakala tatu, zipelekwe kwa njia mbalimbali, ili moja ikipotea nyingine ifike. Na moja ikiisha kutimizwa, zilizosalia hubatilika.

Kisha ile karatasi ikaanza kuuzwa, na mali yenyewe ingali majini. Katika kesi ya Lickbarrow na Mason, shehena ilipakiwa Middelburg, Uholanzi, mwaka 1786, ipelekwe Liverpool. Mnunuzi aliihamisha hati kwa wengine, naye akafilisika kabla hajalipa. Muuzaji akataka kuizuia mali yake. Mwaka 1787 mahakama ya Uingereza iliwapa haki wale walioipokea hati kwa nia njema, na baada ya mabishano marefu ikathibitishwa, mwaka 1794, kwamba ndiyo desturi ya wafanyabiashara.

Ikiwa karatasi yauzwa kama mali, yafaaje iwapo hapana mali? Nahodha mmoja alitia sahihi hati ya marobota 12 ya hariri kutoka Calcutta, na marobota hayo hayakupakiwa kamwe. Waliotoa fedha kwa kuiamini sahihi hiyo walimdai mwenye merikebu. Mwaka 1851, katika kesi ya Grant na Norway, mahakama iliamua kwamba hawajibiki, kwa kuwa nahodha hana mamlaka ya kutilia sahihi kisichopakiwa. Barcelona hasara ilimrudia mwandishi mwongo; London ilimwangukia asiye na hatia. Uamuzi huo ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, wala haukuondolewa katika sheria ya Uingereza mpaka mwaka 1992.

Jambo hili lawahusu pia wafasiri. Mkataba wa Hamburg wa mwaka 1978, uhusuo uchukuzi wa mali baharini, ulikubaliwa na Tanzania na Uganda mwaka 1979, na Kenya mwaka 1989. (Uganda haina pwani, lakini mali yake ya ng'ambo hupita Mombasa na Dar es Salaam.) Msamiati wa bahari Kiswahili kinao tele: shehena, nahodha, forodha, na nauli, neno la Kiyunani lililopitia Kiarabu. Hata hivyo wako waiitao hati hii stakabadhi. Stakabadhi hushuhudia kwamba kitu kimepokewa, basi. Aliyeishika hawezi kuiuza na kitu kile kikawa cha mwingine. Mfasiri atumiaye neno hilo humwachia msomaji kazi ya karani wa Dhofar tu, na haki iliyogombaniwa kutoka mwaka 1787 hadi 1794 huwa haimo.