Baridi ya kukodi: kutoka kitanda cha rais hadi kwenye bache zetu

Leo ninajibu swali la mama mmoja aliyekimbia vita.

Siku hiyo wakubwa walikuja kuona hali ya waliohama makwao. Hema kubwa jeupe lilisimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, na pembeni zikawekwa mashine mbili za baridi, zile zenye magurudumu, pamoja na jenereta. Vyote vilikodiwa kwa nusu siku. Mkutano ulipoisha, vijana walipakia kila kitu garini wakaondoka. Mama aliyekuwa amesimama nje, mtoto mgongoni, akaniuliza: "Mtoto wangu wa radio, kumbe baridi nayo inakodishwa? Basi kwa nini wasitukodishie sisi tunaopikwa ndani ya bache?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona haya, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta baridi hii ilitoka wapi na ilianza kufanyia nani kazi.

Kabla ya mashine kulikuwa barafu. Mwaka 1806, mfanyabiashara wa Boston, Marekani, jina lake Frederic Tudor, alipakia merikebu barafu iliyokatwa kwenye maziwa wakati wa baridi kali, akaipeleka kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka. Sehemu kubwa iliyeyuka, naye akapata hasara. Lakini hakuacha. Alijifunza kuifunika kwa unga wa mbao ili joto lisiingie, na mwaka 1833 barafu yake ilifika hadi Calcutta, India, baada ya miezi minne baharini. Tangu hapo baridi ikawa bidhaa: mwenye pesa alinunua, asiye nazo alisikia habari tu.

Mmoja wa walioipeleka kwa wagonjwa alikuwa daktari, John Gorrie, wa muji mdogo wa Apalachicola katika jimbo la Florida. Katika miaka ya 1840 alikuwa akitibu watu wa homa, na aliona joto linawamaliza nguvu. Akatundika beseni la barafu karibu na dari, ili hewa ya baridi iwashukie wagonjwa kitandani. Barafu ilitoka mbali na ilikawia, kwa hiyo akatengeneza mashine ya kuiunda palepale. Mwaka 1851 serikali ilimpa hati ya uvumbuzi wake. Lakini hakupata wa kumpa pesa za kuiendeleza, akafa mwaka 1855 bila mali.

Miaka 30 baada ya hati ile, jambo lilelile lilipata pesa, kwa sababu mgonjwa alikuwa mkubwa. Tarehe 2 Julai 1881, rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi katika stesheni ya treni Washington. Alilazwa katika ikulu, na joto la muji ule lilikuwa kali. Mafundi wa jeshi la majini wakaunda sanduku lenye vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji ya barafu, na feni ya kusukuma hewa kupitia vitambaa hivyo mpaka chumba cha rais. Chumba kilipoa kweli. Tani nyingi za barafu zilitumika kwa ajili ya mtu mmoja. Mwezi wa Septemba alihamishwa pwani kutafuta upepo wa bahari, na tarehe 19 akafariki. Kidonda kilikuwa kimeoza. Baridi haikuweza kukiponya.

Kwa maoni yangu, ile mashine ya ikulu ndiyo bibi wa zile mashine za mkutano wetu. Iliwekwa kwa muda, kwa haja moja, kisha ikaondolewa.

Klimatizeri tunayoijua leo, wengine wanasema kiyoyozi, haikuundwa kwa ajili ya mtu hata kidogo. Mwaka 1902, injinia kijana Willis Carrier aliitwa na kiwanda cha kuchapa magazeti huko Brooklyn, New York. Unyevu wa hewa ulikuwa unapanua karatasi, na rangi hazikukaa mahali pake. Carrier akapitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili apunguze unyevu. Karatasi ikapona. Watu walikuja kufaidika baadaye: kwanza katika sinema na maduka makubwa, kisha, baada ya vita vya pili vya dunia, katika nyumba za wenye uwezo.

Joto lenyewe halingojei mtu awe na uwezo. Julai 1995, katika muji wa Chicago, joto la siku chache liliua zaidi ya watu 700. Wengi walikuwa wazee maskini waliokaa peke yao. Mwaka 2003 huko Ufaransa walikufa watu karibu 15,000, wengi wao pia wazee. Baada ya msiba huo, Ufaransa haikusema kila mzee apewe mashine yake. Ilitaka kila nyumba ya kutunzia wazee iwe na angalau chumba kimoja kilichopozwa, ili wakae humo saa za joto kali. Chumba kimoja cha wote. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Na hema? Hema linaweza kupozwa. Huko Mina, karibu na Makka, mwaka 1997 moto uliua mahujaji zaidi ya 340. Baadaye Saudia ilijenga maelfu ya hema za kitambaa kisichoshika moto, zenye mashine za baridi, na hutumika siku chache tu kwa mwaka. Lakini mwaka 2024 mahujaji zaidi ya 1,300 walikufa katika joto la hija. Serikali ya huko ilisema wengi wao hawakuwa na kibali, maana yake hawakuwa na nafasi katika hema hizo. Ninyi mulioachwa nje ya liste ya mgao munaelewa bila kufafanuliwa.

Sisi wenyewe Wakongomani tumeona baridi ya muda ikiokoa watu. Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina na Beni. Chanjo ya wakati huo ilipaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika eneo ambalo umeme ni wa shida na barabara hazina usalama. Ilipelekwa vijijini katika masanduku maalum yanayotunza baridi siku kadhaa bila umeme. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Beni pia walitumia vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ambavyo hewa yake ilipozwa. Muuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa akiwa nje, bila kuchemka ndani ya nguo nzito za kujikinga, na familia iliweza kumuona mtu wao. Ugonjwa uliisha Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Bila baridi ile, wangekuwa wengi kupita hapo.

Sasa nirudi kwa mama.

Ile mashine haiundi baridi kutoka hewani. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje kwa bomba nene, kwa hiyo inataka chumba kilichofungwa. Bache yenye matundu, ambayo jua linaipiga moja kwa moja, inarudisha joto lote ndani. Tena mashine moja inakula umeme wa wati 1,000 na zaidi, wakati panneau nyingi tunazochajia simu kambini hazifiki hata wati 100. Kuwekea kila familia mashine ni kuchoma esanse mchana kutwa bila faida.

Kinachofaa kwenye bache ni kivuli. Turubai au majani juu yake, pakiachwa nafasi ya kupitisha upepo katikati, hupunguza joto sana. Ila majani yawe mbali na jiko. Fungueni pande mbili hewa ipite. Kitambaa chenye maji mlangoni husaidia wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua hakisaidii sana. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi. Mtu akianguka kwa joto na kuanza kuchanganyikiwa, mupeleke kivulini, mumwagie maji mwilini, mumpepee, na mumkimbize kituo cha afya.

Lakini swali la mama halikuwa la mashine tu. Kama pesa za kupoza hema la mkutano kwa nusu siku zinapatikana, zinapatikana pia kwa chumba kimoja kambini: chumba cha kuzalia, chenye kuta nzuri, paa la pande mbili, frigo ya jua kwa chanjo, na vantilateri.

Nilimrudia mama na maelezo haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi hicho chumba kimoja. Mimi huyu nilimzalia kwenye bache, saa saba mchana."

Nimepeleka ombi lake kwa wahusika wa eneo. Mpaka ninapoandika sijajibiwa. Wakijibu, mutasikia hapa, na wasipojibu mutasikia pia.

Kutoka Uvira, ni mimi mwandishi wenu.