Kwa nini zabibu zilikaa Dodoma?

Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Shinyanga, Kahama au Geita, basi lake likisimama Dodoma katika msimu wa zabibu, ni nadra aondoke mikono mitupu. Hununua mfuko wake, na aghalabu kabla ya kufika Singida umeshakwisha. Ndipo swali huzuka ndani ya basi: ikiwa Ugogoni, penye ukame na njaa za mara kwa mara, panatoa zabibu na divai, kwa nini sisi wa Kanda ya Ziwa, wenye mvua, tusipande?

Swali ni la haki, ila limesimamishwa kichwa chini. Ukame huo ndio ulioipa Dodoma zabibu.

Tuanze na historia. Wamisionari wa Kikatoliki popote walipokwenda walihitaji divai ya misa, na kanuni za Kanisa lao zinataka divai hiyo itokane na tunda la mzabibu. Mbege haikubaliki, wala lubisi. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, na ile ya Ushirombo, ambayo leo imo mkoani Geita, mwaka 1891. Hawa hawakuwa wageni wa zabibu. Shirika lao lilianzishwa Algeria mwaka 1868, na huko lilikuwa na mashamba yake ya mizabibu. Hata hivyo, katika nchi ya Wasukuma na Wasumbwa zabibu hazikupata kuwa zao la wananchi. Zilikuja kushika mizizi katikati ya nchi, kwa mapadri wa Kiitaliano wa Bihawana, Dodoma, katika miaka ya 1950. Kutoka misheni zikaenea vijijini, na baadaye pakawa na kituo cha utafiti Makutupora na kiwanda cha mvinyo cha serikali.

Dodoma hupata mvua chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kishapu hawako mbali sana na hali hiyo. Lakini ukivuka Kahama kuelekea ziwani mvua huzidi, na Geita hupata kama milimita 1,000, kuanzia Oktoba hadi Mei. Mzabibu unaweza kunywa maji hayo yote na ukanawiri. Unachoshindwa kuvumilia ni jani kukaa limelowa. Hapo huota ugonjwa wa ubwiri-vinyoya, na penye kivuli na hewa nzito hufuata ubwiri-unga, vichala vikapasuka na kuoza.

Wazungu nao walionja machungu hayo. Ubwiri-unga, uliotoka Marekani, ulionekana Uingereza mwaka 1845, ukavuka kwenda Ufaransa na kuangusha mavuno mpaka ilipojulikana kwamba unga wa salfa huutuliza. Mwaka 1878 ubwiri-vinyoya nao ukaonekana Ufaransa. Sasa sikiliza jinsi dawa yake ilivyopatikana. Wakulima wa Médoc, karibu na Bordeaux, walikuwa wakiipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili wapita njia waione rangi ile ya buluu na waogope kudokoa. Profesa Millardet akatambua kwamba mizabibu iliyopakwa haikuugua, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo. Dunia ina deni kwa wezi wa zabibu wa Médoc! Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro naye anaujua sana mrututu.

Lakini mrututu una shaba, na shaba haiozi. Hubaki katika udongo mwaka baada ya mwaka. Penye mvua nyingi mkulima hulazimika kunyunyiza tena na tena. Geita tayari ina zebaki inayotumiwa na wachenjuaji wadogo wa dhahabu. Sioni busara ya kuiongezea ardhi ileile shaba.

Watu wa nchi zenye unyevu wametafuta njia nyingine. Wataliano waliohamia kusini mwa Brazil kuanzia mwaka 1875 waliona mizabibu ya Ulaya ikiugua, wakageukia Isabella, aina ya Kimarekani inayostahimili, ingawa wajuzi wa mvinyo huibeza harufu yake. Huko Fianarantsoa, Madagascar, wanapanda machotara. Wajapani wa Yamanashi huilaza mizabibu juu ya chanja refu ili upepo upite chini yake, na wengine huvivika vichala kofia za karatasi, kimoja kimoja. Kazi hiyo inataka subira!

Kwetu sisi silaha kubwa ni mkasi. Nchi zetu hazina baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeamua lini uamke, kwa kuupogoa. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni takriban miezi minne. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Geita, kwa maoni yangu, ikubali mara moja: ukipogoa mwanzoni mwa Mei, maua hutoka Juni, vichala huiva katika kiangazi, na mavuno hutoka shambani mwanzoni mwa Septemba, kabla mvua hazijarudi. Mvua ikinyesha karibu na mavuno, zabibu huvimba maji na sukari hupungua. Hilo si jambo dogo kwa mtengeneza mvinyo, kwani gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja tu ya kilevi.

Udongo Wasukuma wameshaupa majina, na majina hayo yanatosha. Mbuga, unaotuama maji, usiguswe. Luseni, mchanga wa miinuko, ndio wa kujaribia.

Ila mnunuzi ni nani? Pamba haikuenea Usukuma peke yake. Ilikuwa na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, vinu vya kuchambulia, na vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Tena pamba ikikosa mnunuzi hulala ghalani. Zabibu iliyoiva haingoji wiki, na wakulima wa Dodoma wanaujua uchungu wa kuvuna bila soko.

Kuna na jambo la ardhi. Mzabibu hutaka miaka miwili au mitatu kabla ya kulipa, kisha huishi miaka 20 na zaidi. Ardhi yenye dhahabu chini yake ina macho mengi yanayoitazama, na mwenye shaka kama atakuwapo hapo baada ya miaka mitano hupanda mahindi. Anayetaka kujaribu aulize kwanza serikali ya kijiji kama eneo lake halimo katika leseni ya madini ya mtu. Akishapata jibu, atafute miche Makutupora, aanze na mashina 20 au 30, na chanja liwe juu kuliko kichwa chake.