Thamani Imo Mtutuni

Wanaokusanya bunduki za kale hawaanzi na kitako. Huchungulia ndani ya mtutu. Mauser mbili za muundo wa 1871 zaweza kufanana kama mapacha, lakini ile ambayo mtutu wake unang'aa, na mifereji inayozungusha risasi bado imechongoka, ndiyo hupata bei. Iliyoliwa na kutu huporomoka.

Kutu hiyo ina asili yake. Bunduki hiyo ya milimita 11 ilitumia baruti nyeusi, ambayo masizi yake huvuta unyevu. Mtutu usipooshwa kwa maji, ukakaushwa na kupakwa mafuta, chuma huliwa.

Wengi wa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa na bunduki za namna hiyo pale Tanga, Novemba 1914. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Hata hivyo walishinda.

Basi mimi nasema: mnunuzi ana haki ya kupunguza bei kwa mtutu mbovu. Lakini asiusugue kwa msasa ili ung'ae. Atafuta mifereji iliyosalia, na pamoja nayo alama za kazi ya askari ambaye jina lake halimo vitabuni.