Kutoka Nanga hadi Gitaa: Muziki wa Jukwaani Bukoba na Muleba

Kabla ya gitaa la umeme kufika Buhaya, nchi ya Wahaya, mpenda muziki hakuwa na haja ya kusafiri. Muziki ulimfuata nyumbani. Mpiga nanga aliitwa kwenye arusi na vikao vya lubisi, pombe ya ndizi. Nanga hiyo si ya meli: ni enanga, gogo moja lililochongwa mfano wa hori, na uzi mmoja mrefu hupitishwa ukingo hadi ukingo mpaka zitokee nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akaipiga huku akisimulia utenzi wa mashujaa na wafalme, na msikilizaji huitikia, hucheka, humtuza. Profesa M. M. Mulokozi alizifanya tendi hizo kuwa mada ya tasnifu yake ya mwaka 1986, na baadaye akaandika habari za Habibu Selemani, manju aliyefariki mwaka 1993.

Ngoma nayo ilikuwa na hadhi yake. Kutawazwa kwa Kihaya ni kulya engoma, yaani kula ngoma, na hata jina la Kagoma, mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, sikioni mwa Mhaya ni kijingoma. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, ngoma za ikulu zilipoteza kazi. Ngoma za arusini ziliendelea.

Wakati huohuo muziki wa dansi ulikuwa unashika miji. Magitaa, vipaza sauti na saksafoni viliagizwa kutoka nje na bei yake haikushikika, hivyo bendi nyingi zilimilikiwa na vyama au taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara kama waajiriwa wengine. Bendi isiyo na tajiri ilikuwa jambo adimu. Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika na kutoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, ni mfano wa njia hiyo ngumu. Njia yenyewe haikuwa tulivu: mwezi Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulikuwa umepiga marufuku muziki wa soul katika jiji hilo.

Kwa watu wa Bukoba na Muleba, dansi hilo lilisikika kwanza redioni. Radio Tanzania ilirekodi bendi na kuzirusha nchi nzima, lakini kumwona mpiga gitaa kwa macho kulihitaji safari, na mji mkubwa wa karibu ni Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Meli ya MV Victoria ilisafiri usiku kati ya Bukoba na Mwanza kwa kupitia Kemondo, ikibeba ndizi, kahawa na abiria. Aliyepanda jioni aliamka Mwanza. Kwa kijana aliyetaka mwisho wa juma mjini, nauli ya meli ilikuwa sehemu ya kiingilio.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Karibu kila ukoo wa Bukoba ulikuwa na msiba wake, na safari ya ziwani haikuonekana tena kama zamani. Barabara ikapata uzito. Lami ya kilomita 154 kutoka Kagoma hadi Lusahunga iliunganisha Muleba na Biharamulo, na daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, likaondoa foleni ya kivuko katika njia ya Geita.

Lakini mwelekeo wa muziki ulikuwa umeshageuka. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa kijiji cha Rwongwe wilayani Bukoba, alitoa albamu ya Maria Salome, akiimba Kihaya juu ya midundo ya ngoma za kwao. Watu wa Dar es Salaam wasiojua neno moja la Kihaya walicheza wimbo wake wa Chambua Kama Karanga, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo huo kwa jina la Salome. Siku hizi wasanii wa Dar es Salaam ndio wanaopanda kwenda Bukoba, kutumbuiza katika ukumbi wa Linas au uwanja wa Kaitaba, na mkazi wa Kagoma huenda huko na kurudi bila kuvuka ziwa.