Asili ya ufugaji wa samaki: mfano wa Wagunditjmara wa Australia

Ufugaji wa samaki ulikuwepo muda mrefu kabla ya miradi ya kisasa. Mfano mmojawapo wa zamani sana unaojulikana duniani uko kusini mashariki mwa Australia. Huko, Wagunditjmara walianza kufuga mikunga angalau miaka 6,600 iliyopita.

Walifanyaje?

Eneo lao, Budj Bim katika jimbo la Victoria, limejaa mawe meusi ya volkano. Waliyapanga mawe hayo kuwa kuta, wakachimba mifereji na kutengeneza mabwawa. Mkunga ni samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Huzaliana baharini, kisha wadogo hupanda mito na kukulia kwenye maji yasiyo na chumvi. Maji yalipojaa, mifereji iliwaingiza samaki hao mabwawani, wakabaki humo hadi wakanenepa. Wakati wa kuvuna, watu walitega vikapu virefu vya kusuka kwenye nafasi zilizoachwa katika kuta. Samaki wengine walikaushwa kwa moshi ili wahifadhiwe na kubadilishwa kwa bidhaa. Kwa kuwa chakula kilikuwepo, baadhi ya familia zilijenga nyumba za mawe na kukaa karibu na mabwawa yao.

Walipopoteza ardhi

Kuanzia miaka ya 1830, walowezi kutoka Ulaya waliichukua ardhi hiyo kwa ajili ya mifugo. Wagunditjmara walipigana nao. Wengi waliuawa, na baadhi ya waliobaki wakahamishiwa kwenye vituo vya misheni. Baadaye ilichimbwa mitaro ya kukausha Ziwa Condah, na mifereji mingi ya wazee wao ikabaki mikavu. Hata hivyo, wazee waliendelea kuwafundisha watoto kusuka vikapu na kutega mikunga.

Maji yarudi

Mwaka 2007 mahakama ilitambua haki zao juu ya ardhi hiyo. Mwaka 2010 ulijengwa ukuta wa kurudisha maji ziwani. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza Budj Bim katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Maji yaliporudi, walikuwepo watu waliojua la kufanya, kwa sababu walifundishwa wakati ziwa lilipokuwa kavu. Nasi kambini tunao wazee waliotega na kutunza samaki huko nyumbani. Mto wao uko mbali, lakini kikapu kinaweza kusukwa hapa, kijana akitazama na kujifunza.