Safu ya Lugha: Kamomili si mchaichai

Pakiti za kamomili zimeanza kuonekana madukani Songea, na tayari wapo wanaoziita mchaichai, kwa kuwa vyote hunywewa kama chai na vyote hunukia.

Huko ni kuipotosha mimea miwili kwa mpigo. Mchaichai ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi yanayojaza maghala ya Ruvuma. Ukivunja jani lake harufu ya limau inapanda puani papo hapo. Kamomili ni ua dogo la ukoo wa alizeti: petali nyeupe, katikati manjano. Ndilo linalokaushwa.

Jina kamomili asili yake ni Kigiriki, maana yake tofaa la ardhini, kwa harufu yake inayofanana na ya tofaa. Wajerumani husema Kamille. Waajemi huliita babune, na kwa Kiurdu ni babuna.

Mimea mingine ya kunukia ambayo majina yake huchanganywa ni mrehani na kivumbasi, ingawa hiyo kweli ni ndugu. Mrehani, kutoka Kiarabu, hutiwa kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia vya akina mama wa Pwani. Kivumbasi hufukuza mbu.